Saa ya kazi ya mkono: umuulize nini fundi kabla hujatoa arubuni

Swali

Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tisa niko Birmingham, Uingereza. Nimeweka akiba ya pauni 4,500 ninunue saa moja ya maana itakayobaki kwa wanangu, na sitaki ya kampuni kubwa. Hapa Jewellery Quarter, mtaa wa masonara, kuna fundi anayefanya kazi na mwanafunzi mmoja tu. Anasema saa zake ni za kutengenezwa kwa mkono. Anataka nusu ya fedha sasa, na saa itakuwa tayari baada ya miezi kumi. Nitajuaje kama kweli ni kazi ya mkono? Nilipeje? Natia udhu mara tano kwa siku na nina nia ya kurudi nyumbani: je, itastahimili, na nani ataifungua huko? La mwisho, naweza kumwomba uso unaosoma saa za Kiswahili?

Jibu

Marahaba. Tuanze na hilo neno "kwa mkono", maana ndilo linalowapotezea watu fedha zao.

Kwenye saa, neno hilo halina kipimo. Waswisi wana sheria ya maneno "Swiss Made": tangu 2017, angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji lazima iwe ya Uswisi. "Kwa mkono" haina mstari kama huo. Hulitumia fundi anayechonga uso wa saa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na hulitumia aliyeagiza kila kipande tayari akavifunga kwa bisibisi mezani kwake. Kila mmoja atakuwa na namna ya kulitetea.

Kwa hiyo usimuulize "je, ni ya mkono?" Atajibu ndiyo. Muulize kipande kimoja kimoja: hiki kimetoka wapi, na wewe umekifanya nini? Mashine (yaani mtambo wa ndani unaoendesha saa), uso, mishale, kasha, kioo, kifundo cha kutilia ufunguo, mkanda. Mwombe ayaandike majibu kwenye karatasi ya oda. Fundi mwaminifu huifurahia sana kazi hiyo, kwa sababu ndiyo nafasi yake ya kueleza alipomwaga jasho. Anayekasirika au kuzungukazunguka ameshakujibu.

Usishangae kusikia kwamba vingi vimenunuliwa. Kamani, vito vya rubi, springi nyembamba ya balansi (gurudumu dogo linalopembea na kuhesabu muda), kioo cha safaya na raba za kuzuia maji hutengenezwa na viwanda vichache maalumu, na karibu mafundi wote wanaojitegemea huvinunua. Kutengeneza saa karibu yote kwa mikono ya mtu mmoja kunawezekana. George Daniels, aliyefariki 2011, aliifanya kazi hiyo katika Kisiwa cha Man, na mfumo wake wa kuachia meno (unaoachia magurudumu jino moja moja ili saa ipige) uliingia kwenye saa za Omega mwaka 1999. Mwanafunzi wake Roger Smith anaendelea palepale, lakini saa yake ni zaidi ya pauni laki moja, na foleni yake ni ya miaka.

Sasa tupige hesabu ya fedha zako. Pauni 4,500 kwa fundi aliyesajiliwa kodi ina VAT ya asilimia 20 ndani yake. Ukiitoa, zinabaki 3,750. Toa mashine, kasha, kioo, mkanda, kodi ya pango, na vipande vilivyoharibika njiani, maana vinaharibika. Tuseme zimebaki 2,400. Kwa pauni 40 kwa saa, amepata saa 60 za kazi, yaani wiki moja na nusu ya mtu mmoja. Muda huo unatosha kutengeneza uso mzuri, kukata na kuchoma mishale, kupamba mashine na kuirekebisha mpaka iende sawa. Hautoshi kutengeneza mashine kuanzia bamba tupu la shaba. Akikuambia kwa bei hii kwamba mashine yote ni ya mkono wake, muombe akuonyeshe mashine moja iliyo nusu, na vifaa alivyoitengenezea.

Mashine ambayo huenda akakupa

Kwa bei yako mashine inayotumiwa sana na mafundi wa namna hii ni 6498 ya ETA, kiwanda cha Uswisi, ambayo asili yake ni mashine ya saa za mfukoni ya kampuni ya Unitas. Ina kipenyo cha milimita 36.6, unene wa 4.5, vito 17. Toleo la kwanza hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mapigo matano kwa sekunde, na hutiwa ufunguo kwa mkono. Sekunde zake ndogo ziko upande wa chini, pale kwenye sita. Ndugu yake 6497 ni mashine ileile, ila sekunde ziko upande wa kushoto, kwenye tisa.

Mafundi huipenda kwa sababu sehemu zake ni kubwa, kwa hiyo kuna mahali pa kupambia, na kwa sababu imeenea dunia nzima. Sababu hiyo ya pili ndiyo itakayokuokoa Tanga. Kasoro yake ni ukubwa: kasha haliwezi kushuka sana chini ya milimita 40, na kwa mkono mwembamba linakaa kama kifuniko cha sufuria. Pima mkono wako. Umbali kutoka ncha moja ya masikio ya kasha hadi nyingine (masikio ni pale mkanda unaposhikwa) usizidi upana wa mkono wako kwa juu. Kama unazidi, muulize kuhusu ETA 7001, asili yake kiwanda cha Peseux: milimita 23.3, unene wa 2.5 tu. Ni nyembamba na nzuri, lakini haivumilii fundi mwenye mkono mzito.

Kununua mashine tayari si aibu kwake wala hasara kwako. Hasara ni kulipia mashine ya kununua kwa bei ya mashine ya kutengeneza.

Kazi ya mkono inavyoonekana kwa jicho

Nenda na lenzi ya fundi inayokuza mara kumi, inapatikana kwa bei ndogo. Omba uone saa aliyoimaliza, si picha. Picha husafishwa.

Anza na vichwa vya skrubu. Mfereji wa bisibisi uwe na kingo safi. Ukiona mikwaruzo, kingo zilizoliwa, au alama ya bisibisi iliyoteleza kwenye bamba, hapo mkono haujatulia, na huyo ndiye atakayegusa balansi yako. Hiki ni kipimo cha dakika moja na hakijawahi kwenda bure.

Skrubu na mishale ya buluu nayo husema mengi. Chuma kikipashwa polepole hubadilika rangi: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha buluu inapokaribia digrii 300 za Selsiasi, na ikipita hapo inafifia kuwa kijivu. Fundi ana sekunde chache za kuitoa. Igeuze saa kwenye mwanga: buluu ya moto huonekana karibu nyeusi upande mmoja, ukiisogeza inawaka. Buluu ya rangi au ya kemikali hubaki ileile kila upande.

Kingo za mabamba ya mashine zikiwa zimekatwa mshazari na kung'arishwa, tafuta kona zinazoingia ndani. Mashine ya kukata ina ncha ya mviringo, kwa hiyo huacha kona ya duara. Kona kali ya ndani, kama ya karatasi iliyokunjwa, hutoka kwa tupa na kijiti tu. Kwa pauni 4,500 usitarajie kona kali nyingi. Ukiziona mbili tatu, ni zawadi.

Kwenye uso mambo ni mawili. Kama una michirizi ya giloshe (nakshi ya mistari inayojirudia), muulize imekatwa au imegongwa kwa muhuri. Iliyokatwa ina kuta zinazong'aa na kilele chembamba kila mstari, ukiuzungusha uso mwanga unakimbia. Ya muhuri ina migongo ya mviringo kidogo, mwanga unalala. Kama ni wa enameli, muulize tanuri liko wapi. Enameli ya kweli ni unga wa kioo unaochomwa juu ya bamba la shaba nyekundu, fedha au dhahabu kwa joto la karibu digrii 800, tabaka juu ya tabaka. Nyuma ya bamba nako hupakwa, la sivyo bamba hupinda likipoa, kwa kuwa kioo na metali havisinyai kwa kiasi kimoja. Nyuso nyingi hupasuka au hutoka na vidoa hatua ya mwisho, na ndiyo sababu ya bei na ya ucheleweshaji. Inayoitwa "enameli baridi" ni gundi yenye rangi. Si mbaya kwa saa ya bei nafuu, lakini isiuzwe kwa jina la mwenzake.

Kwako wewe enameli ya kweli siipendekezi, na sababu yake utaiona nikifika kwenye udhu.

Kisha shika kifundo. Tia ufunguo: usikie mibofyo iliyo sawa, bila kukwama wala mchanga. Kivute, uweke saa sita kamili mchana: mishale yote miwili ikae juu ya alama ileile, isitofautiane hata unene wa unywele. Itazame saa kwa ubavu, mishale iwe sambamba na isikaribiane kiasi cha kugusana. Mshale wa dakika unaogusa wa saa huweza kusimamisha saa unapopita juu yake, na wengi hudhani mashine ni mbovu. Mwisho angalia chini ya kioo: vumbi au alama ya kidole usoni maana yake aliifunga bila kuisafisha.

Karatasi ya mwendo

Mwambie aiweke saa kwenye kifaa cha kupima mwendo mbele yako. Utaona namba tatu. Ya kwanza ni sekunde zinazozidi au kupungua kwa siku. Ya pili ni mpembeo wa balansi kwa digrii. Ya tatu ni tofauti kati ya tik na tak, kwa elfu za sekunde.

Kwa 6498 iliyojazwa ufunguo, uso ukitazama juu, mpembeo mzuri ni kati ya digrii 270 na 300. Ukiwa umesimama wima hushuka kidogo, ni kawaida. Baada ya saa 24 usiende chini ya 220 ikiwa imelala. Tofauti ya tik na tak iwe chini ya 0.5, na ikifika 0.8 bado inavumilika.

Sasa jihadhari na jambo ambalo hata wauzaji wengine hawalijui. Kifaa kile kinahitaji kuambiwa pembe ya kunyanyua ya mashine husika, yaani digrii ambazo balansi huzunguka wakati inaposukumwa. Kwa kawaida huja kimewekwa 52. Ya 6498 ni 44. Ukipima bila kubadilisha, mpembeo wa kweli wa 260 utasomeka kama 307, na saa iliyochoka itaonekana ina afya. Muulize tu: "Umeweka pembe ngapi?" Jibu lake litakuonyesha anavyoijua mashine yake.

Andikeni kwenye oda kiwango cha mwendo. Shirika la COSC la Uswisi hupima mashine kwa siku 15, mikao mitano (namna inavyolazwa au kusimamishwa), joto la aina tatu, na hukubali wastani wa kuchelewa sekunde 4 mpaka kukimbia sekunde 6 kwa siku. Fundi wako hana haja ya kupeleka huko. Mwombe wastani wa kuchelewa 5 mpaka kukimbia 10 katika mikao sita, na tofauti kati ya mkao bora na mbaya isizidi sekunde 20. Fundi aliyetumia siku mbili kurekebisha atakubali bila kusita.

Fedha

Kutoa nusu kwa mkupuo, miezi kumi kabla, ni kumkopesha bila dhamana. Akiugua, akifunga, akifilisika, unakaa kwenye foleni ya wadai. Sisemi ni mtu mbaya. Fundi wa peke yake huchelewa kwa sababu za kawaida kabisa: uso umepasuka mara ya tatu, mtengeneza makasha amechelewesha, kazi za sevisi zimejaa kwa kuwa ndizo zinazolipa pango kila mwezi.

Pendekeza vipande vitatu. Asilimia 30 mkitia sahihi. Asilimia 30 ukishauona uso na mishale vimekamilika kwa macho yako. Asilimia 40 ukikabidhiwa saa pamoja na karatasi ya mwendo. Wekeni tarehe ya mwisho, na neno kwamba ikipita kwa miezi mitatu una haki ya kurudishiwa fedha zote.

Malipo ya kwanza yafanye kwa kadi ya mkopo, hata kama ni sehemu ndogo tu. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974 ya Uingereza huifanya benki iliyotoa kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000, hata kama kadi ililipa arubuni tu. Masharti yake: kadi iwe ya mkopo, si ya kutoa fedha za akaunti yako, iwe kwa jina lako wewe mnunuzi, na fedha ziende kwa fundi moja kwa moja. Ukituma kwa uhamisho wa benki, au shemeji akikulipia kwa kadi yake, ulinzi huo haupo. Fundi atakatwa ada kidogo ya kadi. Hiyo ni juu yake.

Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inataka kitu kifanane na maelezo yake, na ndiyo maana nilikuambia uyaandikishe maelezo. Kama oda inasema "uso umechongwa kwa mashine ya mkono" na umeletewa wa muhuri, una hoja. Ndani ya siku 30 unaweza kuikataa saa mbovu na kurudishiwa fedha. Ndani ya miezi sita hitilafu ikitokea, ni juu ya muuzaji kuthibitisha haikuwapo tangu mwanzo. Lakini ile haki ya kubadili mawazo ndani ya siku 14, wanayoizoea wanunuzi wa mtandaoni, haihusu kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako. Ukiandikisha jina la baba kwenye uso, ni yako.

Kasha likiwa la fedha au dhahabu, sheria ya Uingereza inataka lipigwe muhuri wa ofisi ya upimaji: fedha kuanzia gramu 7.78, dhahabu kuanzia gramu 1. Ofisi ya Birmingham, ya tangu 1773, muhuri wake ni nanga. Kwa pwani, hata hivyo, chukua chuma cha pua cha 316L. Fedha ni laini, hukwaruzika na huwa nyeusi kwa jasho na chumvi ya hewani. Shaba nyeusi, ambayo siku hizi inapendwa kwenye makasha, itakuachia kijani mkononi.

Udhu, jasho na Tanga

Udhu wenyewe unakutaka uvue saa au uisogeze ili maji yafike kwenye ngozi. Kwa hiyo hatari yako kubwa si maji yanayoingia. Ni kuvua na kuvaa mara tano kwa siku, mara 1,825 kwa mwaka, mikono imelowa, chini kuna vigae. Saa ikianguka kutoka kiunoni juu ya kigae inaweza kuvunja mhimili wa balansi, na uso wa enameli unaweza kupata ufa usiozibika vizuri. Ndiyo sababu nasema chagua uso wa fedha au shaba uliochongwa. Huo hautapasuka, na unaweza kupakwa upya.

Agiza kishikizo cha kukunja badala ya pini na tundu. Mkanda unabaki duara lililofungwa, saa ikiteleza inabaki imening'inia kwenye vidole, na matundu ya ngozi hayachaniki. Upana kati ya masikio uwe milimita 20 kamili, si 19 wala 21, ili mkanda wa raba au wa nailoni upatikane duka lolote. Mkanda wa ngozi utakaokuja nao uvae Ijumaa na kwenye harusi. Kwa jasho la Tanga na maji ya kila siku utaoza na kunuka.

Kuhusu maji yenyewe, omba bar 5, ambayo huandikwa mita 50, na karatasi ya kipimo cha shinikizo. Bar 3 ni ya matone tu. Usikubali kifundo cha kufunga kwa uzi kama wa skrubu kwenye saa ya kutia ufunguo kila asubuhi: uzi unalika, raba inalika, na siku utakayosahau kukifunga ndiyo siku ya maji. Kifundo cha kusukuma chenye raba mbili kinatosha. Raba hukauka, zaidi kwenye joto, kwa hiyo zibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ukiona ukungu chini ya kioo, usiiweke juani. Ipeleke ifunguliwe siku hiyohiyo. Shina la kifundo ni chuma, kutu huanzia pale na kuingia ndani.

Nani ataifungua? Fundi yeyote mwenye uzoefu wa saa za kamani, Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, anaweza kuifanyia sevisi 6498, mradi vipande visivyo vya kawaida viwe mkononi mwako. Hapo ndipo saa za mafundi wadogo hufa: mashine nzima, lakini kioo kimepasuka na hakuna anayejua kipimo chake. Kwenye oda mwombe akupe pakiti ya akiba: kioo kimoja, seti mbili za raba, kifundo na shina lake, jozi ya mishale, na kamani moja. Pamoja nayo, karatasi yenye namba ya mashine na toleo lake, kipenyo na unene wa kioo kwa milimita, vipimo vya raba, ukubwa wa uzi wa shina, na aina ya mafuta aliyotumia na mahali alipoyatia. Kioo kiwe bapa na cha mviringo. Cha kuba kinapendeza, lakini kukipata tena ni kazi. Vyote hivi havifiki pauni mia kadhaa, na vina thamani kuliko sanduku la mbao analotaka kukuuzia.

Mafuta ya saa hukauka hata isipovaliwa. Sevisi ya kwanza mwaka wa tano. Kabla ya hapo, ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, usiruhusu ifunguliwe: karibu kila mara ni sumaku, ya kifuniko cha simu au spika. Kuiondoa sumaku ni kazi ya sekunde chache.

Saa za Kiswahili

Ombi hili limenifurahisha, na fundi anayetengeneza uso mwenyewe anaweza kulitimiza. Ila kabla hujamwambia ahamishe tarakimu, aweke 6 juu na 12 chini, fikiria mshale wa dakika. Sisi husema "na robo" mshale mrefu ukielekea kulia, penye 3. Tarakimu zikigeuzwa, pale patasomeka 9, na kila mgeni wa saa hiyo, pamoja na wanao, atababaika. Tena kwenye 6498 duara la sekunde liko chini, litameza hiyo 12.

Njia ya wazee ni rahisi zaidi: acha uso wa kawaida, tia majira kwa tofauti ya saa sita. Saa moja asubuhi mshale mfupi uelekee 1. Dakika hazibadiliki, na 6498 haina tarehe ya kuchanganya. Ukichagua mashine yenye tarehe, hakikisha inageuka magharibi, saa kumi na mbili jioni, si alfajiri. Ikigeuka alfajiri, sogeza mishale mbele duru moja kamili. Usibadilishe tarehe kwa kifundo mishale ikiwa kati ya 9 na 3 karibu na wakati wa kugeuka, utavunja jino.

Kama unataka Birmingham na Tanga kwenye uso mmoja, mwombe mashine ya mshale wa nne, mfano Sellita SW330, milimita 25.6 kwa unene wa 4.1. Mshale huo huzunguka mara moja kwa siku. Ukingoni mwa uso achore duara la saa 24 kwa majira yetu: nusu ya chini mchana, nusu ya juu usiku. Upande wa kulia kabisa ni saa kumi na mbili asubuhi, chini kabisa saa sita mchana, kushoto kabisa saa kumi na mbili jioni, juu saa sita usiku. Nusu ya juu ipakwe rangi nzito. Mshale wa nne unauweka kwa saa ya Tanga, mishale ya kawaida kwa ya Birmingham. Uingereza inapobadili saa mwezi Machi na Oktoba, ukisogeza mishale ya kawaida, ule wa nne utafuata, kwa hiyo urudishe mahali pake kwa kifundo. Utapoteza uzuri wa ile mashine kubwa ya kutia ufunguo, kwa sababu hii hujitia yenyewe na sahani yake ya uzito hufunika sehemu ya mapambo.

Ukiamua hivyo, usimwachie mchapaji abahatishe. Mchoree duara zima kwenye karatasi, kila tarakimu mahali pake, utie sahihi, na mchoro huo ubanwe pamoja na oda kabla sahani ya kuchapia haijakatwa. Kosa la kawaida ni kugeuza kulia na kushoto, na likishachapwa, uso mpya ni gharama yako.